Hali Ikiruhusu

Mimi ni vidole tu.
Wao husema, mimi huchapa.
Wakigonga meza naandika (Makofi),
wakitaniana naandika (Kicheko),
na Julai hii ya Arusha, baridi ikiteremka Meru
kama mdai asiyebisha hodi,
nachapa nimevaa glavu zilizokatwa ncha.

Jumanne, saa nne kasoro, Kifungu cha Tisa:
Askari aliyekaa mstari wa mbele siku kadhaa
atakaa nyumbani siku zisizopungua hizo.
Maneno kumi na mawili. Niliyahesabu, ndiyo kazi yangu.

Upande wa madirishani wakasimama:
huo ni mlango wa uani wa kukimbia vita,
adui naye ana redio,
mnampa kalenda yetu aitundike ukutani!
(Makofi, upande mmoja.)
Upande wa mlangoni wakajibu:
ninyi mnaovipenda vita hivi,
mtoto wa nani kati yenu yuko kule?
(Kelele.)
Mwongozo, Spika. Taarifa, Spika. Utaratibu, Spika.
Hadi saa saba walikuwa bado wanabishana
nani alimwita nani mwoga mwaka juzi.

Mtoto wa nani.
Vidole havina ruhusa ya kuomba nafasi.
Zefania, kaka yangu wa tumbo moja,
alikuja Nkoaranga siku kumi na moja
baada ya miezi kumi na tisa.
Alilala sakafuni, kando ya kitanda alichotandikiwa.
Usiku wa tatu parachichi likaanguka batini,
moja tu, lililoiva,
tukamkuta uvunguni amekumbatia tendegu,
anaita jina la mtu tusiyemjua.
Mwanawe alimwamkia: shikamoo, mgeni.
Loshoro ya mama alikunywa kikombe kimoja,
akasema nzuri, akatazama saa.
Siku ya kumi na mbili lori likamchukulia Tengeru.
Tangu hapo ujumbe wake ni ule ule, mara ya tatu sasa:
"Zamu imesogezwa. Msalimie mama."

Alasiri likaja rekebisho
limeandikwa kwa kalamu ya risasi
nyuma ya kadi ya mwaliko wa chakula cha jioni:
baada ya neno "hizo", ongeza "hali ikiruhusu".
Hali naijua. Nimelelewa nayo.
Haijapata kumruhusu mtu wa kwetu chochote.

Kengele ikalia. Waliokwenda chai wakarudi wakitafuna.
Mheshimiwa Tibakweira, kiti cha thelathini na mbili,
alikuwa amelala tangu adhuhuri,
kidevu kifuani, miwani ikining'inia sikio moja.
Jirani akamtikisa;
akasema "Ndiyo" kabla hajafumbua macho.
Nilitafuta kwenye mwongozo wetu wa uchapaji:
makofi yana mabano, kicheko kina mabano,
usingizi hauna.
Ndiyo, thelathini na nane. Siyo, thelathini na saba.
Pande zote mbili zikatoka nje kuwaambia wanahabari
jinsi zinavyowapenda askari.

Ikabaki hoja moja:
Bunge liahirishwe wiki sita,
waheshimiwa wakapumzike.
Hakuna aliyesimama. Hakuna mwongozo, hakuna taarifa,
hali haikuulizwa.
Ndiyo ikapaa kama kundi la kwarara,
nami nikachapa maneno ambayo juma zima
sikuyahitaji: kwa kauli moja.

Nilifika nyumbani giza limeshika migomba.
Mama hakuniuliza wamesemaje.
Alikuwa nyuma ya nyumba na tochi,
Anaeli wa jirani yuko juu ya mti na msumeno,
na lile tawi la parachichi lililoinamia bati
lilikuwa chini tayari, likitoa utomvu,
matunda machanga yamejaa karai.

"Bado moja," akasema, akinipa ncha ya kamba,
"lile la upande wa dirisha lake."